Bwana Sakarani: Askari Aliyetaka Kuwa Mkulima



Katika chama chetu wamo watu wengi ambao hawakuanza maisha yao shambani. Mmoja alikuwa karani, mwengine baharia, mwengine askari; kazi zao zikesha wakarudi kwenye mikarafuu ya wazee wao, au wakanunua ya kwao wenyewe. Watu hawa huulizana barazani swali moja: je, mtu aliyemaliza nguvu zake katika kazi nyengine aweza kuwa mkulima wa kweli katika nusu ya pili ya maisha yake?

Swali kama hilo hujibiwa vizuri zaidi na maisha ya mtu kuliko maneno matupu. Kwa hiyo mara hii twawaletea khabari za Kapteni Tom von Prince, askari wa Kijerumani aliyeacha jeshi akashika shamba. Hatumleti hapa ili asifiwe. Wako watu wa bara ambao hata leo wakilisikia jina lake hawafurahi, nao wana haki. Twamleta kwa sababu maisha yake yana somo kwa kila mwenye kupanda mti.

Mlangoni mwa Uhehe

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa, akisha kupita Mikumi, hufika mahali paitwapo Ruaha Mbuyuni. Hapo ndipo mkoa wa Morogoro unapokwisha na mkoa wa Iringa unapoanza. Mto Ruaha Mkuu wapita karibu, joto ni kali, na mibuyu imesimama huku na huku kama wazee waliokaa kungoja khabari. Wenyeji wa hapo hulima vitunguu kwa maji ya mifereji, na abiria wa mabasi huvinunua kando ya njia.

Ukiondoka hapo, barabara yafuata bonde la mto, kisha yaanza kupanda mlima Kitonga, kona baada ya kona, malori yakienda polepole kama jongoo. Ukifika juu hewa imekwisha kubadilika, koti linatakiwa. Mbele yako kuna Ilula, kisha Lugalo, kisha mji wa Iringa, ulio juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya futi 5,000.

Hiyo ndiyo nchi ya Wahehe, na mtawala wake mkubwa alikuwa Mkwawa. Ili kumjua Kapteni Prince, yatubidi kwanza tujue alikuta nini katika nchi hiyo. Na khabari yenyewe yaanzia pwani, karibu na kwetu.

Bendera ya Pangani

Na tukumbuke mambo ya mwaka 1888. Mwaka ule Kampuni ya Kijerumani ilipata kwa mkataba haki ya kuendesha mambo ya mrima kwa jina la Sultani wa Unguja, Seyyid Khalifa. Huko Pangani wakala wa Kampuni alikuwa Emil von Zelewski. Bwana huyu alimdharau Liwali na kuiingilia bendera ya Sultani, na watu wa mji wakaghadhibika. Hapo ndipo vilipoanza vita vya Abushiri bin Salim, vilivyoenea pwani yote, hata serikali ya Ujerumani ikamleta Wissmann na askari wa kukodi. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Disemba 1889.

Zelewski hakufa katika vita vile. Alipanda cheo, akawa mkuu wa jeshi la Wajerumani, na watu wa bara wakampa jina la Nyundo. Mwaka 1891 aliongoza msafara mkubwa kuingia Uhehe kutoka upande wa mashariki. Tarehe 17 Agosti, mahali paitwapo Lugalo, Wahehe walikuwa wamejificha majanini na nyuma ya mawe, wengi wao wakiwa na mikuki tu. Msafara ulikwenda katika mstari mrefu, na bunduki nyingi hazikuwa tayari. Kwa muda mfupi mambo yalikwisha. Wazungu kumi walikufa, Zelewski akiwa mmoja wao, pamoja na askari na wapagazi wao karibu 300. Mkwawa akapata bunduki nyingi na mizinga.

Khabari hiyo iliwatia Wajerumani fedheha kubwa. Tangu siku ile walitaka kulipa kisasi, na katika watu waliopewa kazi hiyo alikuwamo luteni kijana, Tom Prince.

Mtoto wa kisiwani

Prince alizaliwa Port Louis, katika kisiwa cha Mauritius, tarehe 9 Januari 1866. Baba yake alikuwa Mwingereza mwenye kazi ya polisi huko, na mama yake Mjerumani. Sisi wakulima wa karafuu tukisikia Mauritius hukumbuka jambo letu, maana ndiko Wafaransa walikoipeleka miche ya mikarafuu kutoka Maluku mwaka 1770, na ni kutoka visiwa vile vya Wafaransa ambako mkarafuu ulifika Unguja mwanzo wa karne iliyofuata. Basi mtu huyu alizaliwa penye njia ya mkarafuu, lakini hakupita njia hiyo. Alipelekwa Ujerumani, akasomeshwa katika skuli za watoto wa mabwana, akawa afisa.

Mwaka 1890 alikuja Afrika ya Mashariki akiwa luteni, umri wake miaka 24. Kazi aliipenda mno. Mwezi wa Januari 1893 yeye ndiye aliyeongoza mashambulio ya boma la Isike, mtemi wa Unyanyembe, huko Tabora. Isike alipoona boma limeingiwa alijilipua kwa baruti kuliko kushikwa.

Askari wake, wengi wao Wasudani na watu wa pwani, walimtazama jinsi anavyopigana, wakampa jina la Sakarani. Maana ya neno hilo wasomaji wetu waijua: mtu aliyelewa. Yasemekana walimwita hivyo kwa kuwa vita vilipoanza alikuwa kama mlevi, haoni hatari wala hasikii la mtu. Yeye mwenyewe alilipenda jina lile, akaona ni sifa. Ama sisi twajua kuwa neno hilo lina pande mbili, na mlevi si mtu wa kukabidhiwa chombo.

Miaka ya Uhehe

Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani, wakiongozwa na Gavana von Schele, waliivunja ngome ya Mkwawa huko Kalenga. Ngome hiyo ilikuwa na ukuta wa mawe na udongo, imezunguka mji mzima, na Wahehe waliiamini sana. Prince alikuwa miongoni mwa walioingia. Lakini Mkwawa mwenyewe hakushikwa. Alitoka, akaingia misituni, na vita vikaanza upya kwa namna nyengine.

Mwaka 1896 Prince, sasa akiwa kapteni, alipelekwa kukaa katika nchi ile na kuimaliza kazi. Alijenga boma juu ya kilima, maili chache kutoka Kalenga, na pakaitwa Iringa, kutokana na neno la Kihehe lenye maana ya ngome. Huo ndio mwanzo wa mji wa Iringa tuujuao leo. Mkewe, Magdalene, ambaye walioana mwaka ule ule, alifuatana naye, akaishi huko katikati ya vita. Mwaka 1903 kilichapishwa kitabu alichoandika juu ya maisha yao.

Namna aliyoitumia Prince haikuwa ya kupigana vita vikubwa. Aliigawa nchi. Merere wa Usangu alirudishiwa ardhi yake iliyokuwa imetekwa na Wahehe. Mpangile, nduguye Mkwawa, aliwekwa awe mtawala mwishoni mwa mwaka 1896. Kisha akashukiwa kuwa anamsaidia nduguye kwa siri, na kabla ya miezi mitatu kutimia akauawa. Vijiji vilivyompa Mkwawa chakula vilichomwa moto, maghala yakamalizwa, ng'ombe wakachukuliwa. Kichwa cha Mkwawa kikatangaziwa zawadi ya rupia 5,000.

Sisi wakulima na tuitazame vita hiyo kwa macho ya mkulima. Kila ghala lililochomwa lilikuwa kazi ya msimu mzima ya mtu. Kila familia iliyokimbilia msituni iliacha mbegu zake. Nchi ikapata njaa, na watu wengi waliojisalimisha hawakushindwa na risasi. Walishindwa na shamba lisilolimwa.

Hata hivyo Wahehe wengi walikataa kumtoa mtawala wao, na hili ni jambo la kustaajabisha. Miaka minne alitembea katika nchi yake mwenyewe akiwindwa, na watu wake wakamficha. Mwisho, tarehe 19 Julai 1898, alipoona askari wamekaribia, naye ni mgonjwa na amebaki na watu wachache mno, alijipiga risasi. Sajenti wa Kijerumani aliyemkuta alikikata kichwa chake, akakipeleka kwa mkuu wake Iringa, na baadaye kikachukuliwa Ujerumani.

Afisa anashika jembe

Mwaka 1900 Kapteni Prince aliacha jeshi. Umri wake ulikuwa miaka 34 tu. Hakurudi Ulaya kama wenziwe. Alitaka kukaa nchi hii na kuwa mkulima. Basi yeye na Magdalene wakapata ardhi katika milima ya Usambara, karibu na Soni, si mbali na Lushoto, mji ambao wakati ule ukiitwa Wilhelmstal. Shamba akaliita kwa jina lake la vita: Sakarani.

Ni lazima tuseme ardhi ile ilipatikana vipi. Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilitoa sheria iliyosema kuwa ardhi yote isiyokuwa na mwenyewe ni mali ya Dola. Lakini ni nani aliyeamua kuwa ardhi haina mwenyewe? Si Mshambaa aliyekuwa ameiacha ipumzike ili ailime mwaka wa tatu. Mkulima yeyote ajua kuwa shamba lililolala si shamba lisilo na mtu. Katika Usambara walowezi wakachukua vipande vikubwa, kisha wakalia kuwa hawana vibarua. Serikali ikawasaidia: wanaume wa milima ile walipewa kadi za kazi, na kila mmoja akatakiwa afanye kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa ajira ya walowezi, ama sivyo apelekwe kwenye kazi za serikali.

Walowezi wa Usambara walianza na kahawa kwa matumaini makubwa, maana misitu ile mikubwa iliwadanganya. Walifikiri penye miti mirefu hapakosi udongo wenye nguvu. Walipoikata miti waligundua kuwa rutuba ilikuwa imeshikwa na msitu wenyewe. Miaka michache tu, mibuni ikachoka. Wengine walipoteza mali yao yote. Ndivyo milima ile ilivyowafundisha walowezi wa Kijerumani, waliozoea kutoa amri. Udongo hausikii amri.

Prince alidumu hapo miaka 14. Alikuwa mtu mwenye sauti kubwa miongoni mwa walowezi, na Kaizari akampa heshima ya kuwa katika watu wa daraja ya juu, ndipo jina lake likawa von Prince. Mtu angesema: huyu amefika. Ana nyumba, ana shamba, ana jina. Amebakiwa na kuzeeka chini ya miti aliyoipanda.

Bunduki inaita

Lakini angalieni jambo hili. Mwaka 1914 kilichapishwa kitabu alichokiandika Prince mwenyewe. Baada ya miaka 14 ya ukulima, mtu angetazamia kuwa ataandika juu ya milima ile, au mvua, au miti. La. Kitabu chake kilikuwa juu ya siku zake za uluteni, tangu mwaka 1890 hata 1895, na jina lake lilitaja vita dhidi ya Waarabu na Wahehe. Mwili ulikuwa shambani, moyo ulikuwa bado kambini.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule vita vikuu vilianza Ulaya. Prince, sasa mwenye miaka 48, hakungoja kuvutwa. Tarehe 15 Agosti aliongoza kikosi kilichoiteka Taveta, upande wa pili wa mpaka, katika nchi iliyokuwa ya Waingereza. Chini ya mkuu wa jeshi, Lettow-Vorbeck, walowezi walikusanywa katika vikosi vyao wenyewe, naye akawa mmoja wa viongozi wao.

Mwanzo wa Novemba meli za Waingereza zikatokea mbele ya Tanga zikiwa na askari karibu 8,000 kutoka Bara Hindi. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000 tu. Hata hivyo Waingereza walipigwa vibaya. Walikuwa wamechoka kwa safari ndefu ya baharini, hawakuijua nchi, na hata nyuki wa mashambani, walioghadhibishwa na risasi, waliwashambulia. Waliacha mamia ya watu wamekufa, na bunduki na risasi nyingi zikabaki ufukweni.

Ulikuwa ushindi mkubwa wa Wajerumani, lakini Tom von Prince hakuuona. Siku ya tarehe 4 Novemba 1914, katika mapigano ya mitaani ndani ya mji wa Tanga, alipigwa risasi akafa. Lettow-Vorbeck aliandika baadaye kwamba Wajerumani waliouawa Tanga walizikwa kivulini mwa mbuyu mkubwa. Hivyo ndivyo ulivyokuwa mwisho wa mkulima wa Sakarani.

Wazee husema vita havina macho. Kwa Prince twaweza kuongeza kuwa vita havina shukrani pia. Alivitumikia miaka kumi, akaviacha miaka 14, akavirudia, navyo vikamla katika muda wa miezi mitatu.

Majina yaliyobaki

Baada ya vita Wajerumani walinyang'anywa nchi, na mashamba yao yakachukuliwa na serikali ya Kiingereza kama mali ya adui. Yote ambayo Prince aliyapigania yalimponyoka, pamoja na Dola aliyoitumikia.

Kichwa cha Mkwawa nacho kilikuwa na safari yake. Katika mkataba wa amani uliofanywa Versailles mwaka 1919 iliandikwa, katika kifungu cha 246, kuwa Ujerumani ikirudishe. Ilipita miaka 35. Mwaka 1954 Gavana Sir Edward Twining alikipata katika jumba la makumbusho la Bremen, na tarehe 19 Juni mwaka ule akakikabidhi kwa Wahehe huko Kalenga, mbele ya Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Chifu huyo baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Na kambi kubwa ya jeshi Dar es Salaam, ambayo wakati wa Waingereza ikiitwa Colito, ilipewa jina la Lugalo. Jeshi la nchi huru lilichagua kukumbuka siku ambayo Wahehe walishinda.

Na shamba la Sakarani? Lipo. Halina mlowezi tena. Watawa wa Kibenediktini walilichukua, na kwa miaka mingi wamelima matunda, wametengeneza mvinyo, wamepanda makadamia, na wamekuza miche ya miti. Ukienda Soni ukauliza njia ya Sakarani utaonyeshwa. Wengi wa wanaoitaja huenda hawajui kuwa hilo lilikuwa jina la mtu, wala hawajui kuwa maana yake ni mlevi wa vita. Kwao ni jina la mahali penye miche.

Somo letu

Wanachama, mkarafuu wataka miaka sita au minane ndipo uanze kuzaa vizuri, na ukitunzwa utaishi kumshinda aliyeupanda na mwanawe. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja kwa siku moja. Waliobaki walipanda tena, nao walijua wazi kuwa huenda wasiivune. Hiyo ndiyo kazi yetu. Haina tarumbeta.

Basi kwa ndugu zetu waliotoka kwenye kazi nyengine, na hasa waliovaa sare, jibu la lile swali la barazani ni hili: ndiyo, mtu aweza kuwa mkulima katika nusu ya pili ya maisha yake. Lakini kwa masharti mawili. La kwanza, ardhi iwe yake kwa haki, na wanaomsaidia waje kwa hiari na walipwe ujira wao. Maana shamba lililopatikana kwa nguvu hulindwa kwa nguvu, na mwenye kulinda hapati nafasi ya kupalilia. La pili, aiache kazi ya zamani iende. Anayeketi chini ya mti huku akisikiliza tarumbeta hajaufika mti ule.

Na wewe msomaji, siku ukisafiri kwenda Nyanda za Juu za Kusini, basi likisimama Ruaha Mbuyuni, nunua vitunguu. Utazame ile mifereji na wale watu walioinama katika majaruba. Mlimani mbele yao walipita Zelewski na Prince, na kila mmoja alidhani kuwa nchi ile itamkumbuka kwa upanga wake. Leo wanaokaa hapo na kuilima ni wakulima wa vitunguu.